Kifundo Kilicholala

Machi 6
Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Kwa leo basi.

Machi 7
Mvua. Mume wangu kanifunga vifungo vya gauni, kimoja kakiruka. Nimeshinda kutwa nimekwenda upande.

Machi 11
Nijaribu kueleza, maana kila mteja anayeingia anauliza na mdomo umechoka. Niliteleza kwenye ngazi ya mbele ya duka, ile ya saruji ambayo kila msimu wa mvua nasema nitaikwaruza isiteleze. Nilikuwa nimekumbatia jora la kitambaa cha sare. Badala ya kuliachia, nikalibana kwa kushoto na kuweka mkono wa kulia chini. Jora halikuingia hata tone la tope. Mfupa uliolia ulikuwa wangu.

Duka hili ni la marehemu Baba. Tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye Baba alimpa jina la Bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa ndani ya kila ninalofanya. Mtaa mzima unamwita hivyo mpaka leo. Mimi wananiita Mama Mkasi. Siku niliyofuzu, Baba alichukua msumeno akaipunguza miguu meza ya kukatia, kwa kuwa mimi ni mfupi, akanikabidhi mkasi wake mkubwa na kuweka kanuni moja: anayekata anasimama mezani, mwingine anakaa kwenye cherehani kusubiri vipande. Nimesimama tangu siku hiyo. Bitana amekaa. Anashona vizuri, sikatai, lakini kukata ni jicho, na jicho hafundishwi mtu.

Sasa mkono uko ndani ya plasta, mzito kama tofali. Mvua zikiisha, mkuu wa shule ya wasichana atakuja kuagiza sare za muhula mpya. Yule mama hakabidhi duka kazi, anamkabidhi mtu. Atakayemkuta na mkasi mkononi ndiye atakayezungumza naye, mwaka huu na miaka ijayo. Lazima anikute mimi.

Machi 14
Mvua.

Machi 19
Bitana kakata suruali yake ya kwanza peke yake. Nilisimama nyuma yake.

"Usiinue kitambaa. Mkasi utembee juu ya meza."

"Sawa, dada."

"Taratibu hapo kwenye kona."

"Dada, unanipumulia shingoni."

Nilimwambia si mbaya. Humu naweza kusema kwamba ilitoka safi kabisa, na sikupenda.

Machi 27
Anakata haraka sasa. Ameanza kujifunga kitambaa kichwani kama mimi. Mteja mmoja aliyemwona kwa nyuma alimwita Mama Mkasi, naye akaitika.

Aprili 8
Plasta imetoka. Bitana alinisindikiza hospitali, tukiwa chini ya mwavuli mmoja, yeye mrefu na mimi mfupi, kwa hiyo mvua yote ya pembeni ilikuwa yangu.

Ile mashine ya kukatia plasta inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mimi niliyezaa watoto watatu bila kupiga kelele, nilipoona mkono wangu unatoka mle umenyauka, una magamba, mwembamba kama wa mtu mwingine, macho yaliingia giza. Wakanilaza kitandani. Nilisikia sauti za watu kwa mbali, kama redio ya jirani, sikushika hata neno. Nilipopata nguvu za kukaa, mkono ulikuwa umeshavishwa kifaa cha plastiki ngumu chenye mikanda mitatu, kimekiinua kifundo kidogo, kiganja kikitazama mbele kana kwamba nataka kumsimamisha mtu njiani. Bitana alikuwa amebeba mkoba wangu.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema uvae. Urudi baada ya mwezi."

Aprili 9
Plastiki inatoa jasho. Inanuka.

Aprili 11
Leo nimelia, si kwa maumivu. Kifaa kile kilikuwa kimenichubua chini ya dole gumba, na unyevu huu ukafanya pale pawe kidonda. Bitana aliniona nikikipuliza. Alitandaza karatasi ya kukatia mezani akaniambia, "Weka mkono hapa, dada. Ulegeze. Uache ulale unavyotaka wenyewe."

Nikauweka ukingoni mwa meza, kifundo kikajikunja na vidole vikaning'inia chini. Raha iliyoje. Akauchora kwa chaki jinsi ulivyolala. Hadi jioni alikuwa ameshanishonea kishikizo cha mkono, nje kitambaa cha koti, ndani pamba na bitana laini ya hariri, ubavuni vipande viwili vya rula ya chuma vilivyokunjwa kufuata mchoro. Mishono yake haionekani. Kinaingia kama soksi. Ile plastiki ameitupa juu ya kabati.

Nilimshika shavu kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia hakuna fundi kama yeye. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo.

Aprili 17
Mkono umepumzika hasa. Mume wangu anasema mkono ukining'inia hivi nimekuwa na mkono wa birika. Nikamwambia angekuwa na mke mwenye mkono wa birika kweli, leo asingekula nyama. Tumecheka.

Aprili 22
Najaribu kuandika kwa mkono wa kulia. Kalamu inadondoka. Mfupa bado mchanga, nadhani.

Aprili 26
Nimekuta meza imeinuliwa. Chini ya kila mguu kuna gogo la mbao, limepigiliwa misumari. Bitana anasema mgongo ulikuwa unamvunjika.

"Nikirudi je?" nikamuuliza.

"Ukirudi tutayatoa, dada. Ni misumari tu."

Meza sasa inanifika karibu na kifua. Nilisimama pale kama mtoto anayechungulia chakula cha wageni.

Mei 2
Chupa ya mafuta imenishinda kufungua. Kuchana nywele kumenishinda. Kukamua kitambaa cha kufutia meza kumenishinda. Nakibonyeza, nacho kinanitazama, maji yamo. Nikikaza vidole vinafika katikati ya safari vinasimama. Nilipomwambia Bitana alisema, "Vumilia, dada. Mfupa hauna haraka." Alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa.

Mei 9
Siku hii naitaka niiandike yote hata kama itanichukua hadi chakula kipoe.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Dada wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye kucha fupi na sauti ya chini, alikitazama kishikizo changu muda mrefu. Akakigeuza huku na huku. Nikaona fahari, nikidhani anasifu mishono.

"Mama, nani amekushonea hiki?"

"Mdogo wangu."

"Kile nilichokupa kiko wapi?"

Nikamweleza habari za jasho na kidonda. Akakivua taratibu. Mkono wangu ukabaki vilevile, umelala, kama bado umevaa. Akajaribu kukiinua kifundo kwa vidole vyake viwili, nikapiga ukelele uliowageuza watu wote chumbani.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Nipe ule mzima." Akaweka vidole vyake viwili kwenye kiganja changu cha kushoto. "Kilaze kifundo chini kabisa. Sasa nibane kwa nguvu zako zote."

Nikabana. Nguvu hazikuwepo. Mkono wangu mzima, wenye afya, haukuweza kufumba. Vidole vilikataa.

"Sasa kiinue kidogo, kama unavyoshika glasi. Nibane."

Nikabana, akasema ai!

"Umeona? Mkono uleule, mtu yuleyule. Kano za kukunja vidole zinapita hapa kwenye kifundo. Ukikilaza, zinalegea, na za huku juu zinavutwa zinazuia. Ndiyo maana nilikiinua. Wewe umekaa mwezi mzima kimelala, na kimeshazoea."

Hapo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mimi ni fundi. Uzi wa cherehani ukilegea, sindano itakwenda juu chini kutwa na mshono hautashika. Chupa, kitana, kitambaa cha meza, vyote vikanijia kwa mpigo.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Nilieleza, mama, siku ile ya plasta. Nilieleza vizuri na nikaonyesha kwa mkono."

"Ulimweleza nani? Mimi nilikuwa nimezimia!"

Akajikuna shingo. "Wagonjwa ni wengi. Sikumbuki nilikuwa namtazama nani. Lakini nilieleza."

Nikarudi dukani kwa miguu, sikufungua mwavuli. Bitana alikuwa mezani, mkasi mkononi, anacheka na mteja. Nikasubiri mteja aondoke. Nikakirusha kishikizo juu ya kitambaa alichokuwa anakata.

"Siku ile hospitali walikueleza nini?"

"Siku gani?"

"Usijitie hamnazo. Siku ya plasta."

"Mimi? Dada, mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye benchi. Walinitoa ulipozimia. Niliambiwa tu uvae." Macho yakamjaa machozi. "Nilikuona na kidonda. Nilitaka upumzike. Ningejuaje mimi? Mimi ni wa kushona tu, si ndivyo unavyosema?"

Nikabaki nimesimama na maji yananichuruzika gaunini. Nilipofika nyumbani mume wangu akachukua upande wa Bitana. "Mtoto wa watu kakushonea kwa moyo wake, leo unamgeuzia kibao? Halafu nani anayetuletea unga sasa hivi?" Damu ilinichemka hata nikashindwa kula. Lakini huenda ana haki. Machozi yale yalikuwa ya kweli, namjua.

Mei 10
Nimeipanda kabati kuishusha ile plastiki. Nimeiosha. Nimeivaa.

Mei 13
Mazoezi. Kiganja mezani, mkono mzima unausukuma mkono mgonjwa nyuma, taratibu. Nauma kipande cha kitambaa nisipige kelele.

Mei 14
Hivyohivyo.

Mei 15
Hivyohivyo. Mvua.

Mei 19
Dada wa mazoezi amenifundisha kutazama. Nikifanya kazi yoyote kwa mkono wa kushoto, nitazame kifundo kiko wapi. Sijawahi kujua mwili wangu una akili namna hii. Nikishika ufunguo, kifundo kinainuka kabla sijauzungusha. Nikibeba ndoo, kinanyooka. Nikifunga vifungo, kinasimama wima kinavipa vidole nafasi. Nikitaka kujisafisha chooni ndipo kinapojikunja, na hapo hakihitaji nguvu. Kutwa nzima kinasogea kidogo huku, kidogo kule, hakuna anayekishukuru. Watu wanasifu vidole.

Mei 23
Nimekamua kitambaa. Kimetoka maji nusu. Nimemwita mume wangu aje aone, akaja, akatazama kitambaa, akasema, "Kwani kina nini?"

Mei 28
Sasa natazama vifundo vya watu wote, na leo nimemtazama Bitana.

Meza ameiinua kupita kiasi. Ameifuata raha ya mgongo akausahau mkono. Ili makali ya mkasi yalale juu ya kitambaa inambidi ainue kiwiko na kukikunja kifundo chini, na akiwa amekikunja hivyo ndipo anaposukuma mkasi mzito kwenye vitambaa vilivyopangwa tabaka nne. Kila baada ya vipande kadhaa anautikisa mkono, kisha anaendelea. Ni suala la kung'oa misumari na kupunguza magogo nusu. Neno moja tu lingetosha.

Nikachukua vipande vyangu nikaenda kukaa kwenye cherehani. Ndiyo, nimeanza kukaa kwenye cherehani. Ninyooshe kitambaa kwa kushoto, nikanyage, nisubiri vipande.

Mei 29
Sikusema.

Juni 2
Mkuu wa shule kapita kwa mara ya kwanza mwaka huu, kujikinga na mvua tu. "Naona mabadiliko," akasema akimtazama Bitana na ile meza. Bitana akamvisha kilemba cha ukoka, mara viatu vizuri, mara leo umependeza, mambo ambayo mimi siyawezi. Mama yule akacheka. Akaniambia mimi niliyekaa, "Pole na mkono," kwa sauti ya kumpa pole mtu aliyefiwa.

Juni 5
Mkono wa kulia unaandika. Herufi hizi ni zake. Zinatetemeka ila zinajua zinakokwenda.

Juni 9
Bitana kadondosha mkasi. Mkasi wa Baba, chini, kwenye sakafu. Akasema umemponyoka. Kifundo kimemvimba upande wa dole gumba. Nilimwambia vumilia.

Juni 12
Anakata kwa kuuma meno. Anakunywa dawa za maumivu na chai. Mume wangu ananiuliza kwa nini simpeleki hospitali. Nikamwambia ni mtu mzima, hospitali anaijua njia. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Juni 16
Leo mvua haikunyesha, na mkuu wa shule ametuma salamu kwamba atakuja Ijumaa.

Mchana Bitana aliweka mkasi chini, akaja kukaa kwenye kiti cha mteja mbele ya cherehani yangu. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Dada, siwezi tena. Hata kikombe sishiki. Nishonee kishikizo."

Nakiri kwamba moyo wangu ulicheza. Nilijiona nikimwambia alegeze, auache ulale unavyotaka wenyewe. Nilitandaza karatasi kwenye ile meza ndefu, nikapanda juu ya kasha nifike, nikachukua chaki. Nikamwambia, "Weka mkono hapa."

Akauweka. Kabla sijamgusa, alivuta kipande cha kitambaa kwa mkono wa kushoto, akakikunja mara mbili, akakitia chini ya kiganja. Kifundo kikainuka kidogo tu, kiasi cha mtu anayeshika glasi. Akalegeza vidole juu ya kile kitambaa, vizuri kabisa, dole gumba likitazama kidole cha shahada.

"Nani amekufundisha hivyo?" nikamuuliza. Kwa kweli niliuliza bure tu. Nilidhani amenitazama nikifanya mazoezi.

Alikuwa amefumba macho kwa maumivu. "Yule dada wa hospitali. Alichukua taulo akalikunja hivi, akauweka mkono wako juu, akasema usije ukaachwa ukalala..."

Akafumbua macho.

Mazoezi yangu mimi sijawahi kuyafanya kwa taulo. Na siku pekee ambayo Bitana alifika hospitali ile ni siku ya plasta, siku aliyokuwa amekaa nje kwenye benchi.

Chaki ilinikatikia mkononi. Mkono wa kulia, wenye nguvu hizohizo alizonipokonya.

"Nilitaka kumaliza oda mbili tu, dada," akasema. Hakulia safari hii. "Nione nikiweza. Halafu ningekushonea kingine kilichonyooka, nilishakata hata kitambaa chake. Kisha watu wakaanza kuniita jina langu. Hawakuniita Bitana, waliniita fundi. Nikasema wiki moja tena. Wiki moja tena."

"Ungeniambia nikupishe."

"Ungenipisha?"

Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua ya jana kutoka kwenye mlango wake. Nilitafuta jibu la uongo nikalikosa, na la kweli sikulitoa.

Nikachukua chaki nyingine nikamchora. Nilimchora sawasawa, kifundo kimeinuka, kila kidole mahali pake, sikupunguza wala kuongeza hata unene wa uzi. Asiseme mtu kwamba mimi sikujua, au kwamba nilijua nikafanya vingine. Nimekishona kwa kitambaa kilekile cha koti na bitana ileile ya hariri. Ni kazi nzuri kuliko yake, na roho yangu ni nyeusi tii.

Juni 18
Mume wangu kaniinulia meza kona moja baada ya nyingine, nami nikayang'oa yale magogo kwa nyundo. Misumari ilikuwa mirefu kuliko ilivyohitajika. Bitana alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani, anatazama. Mume wangu alimwambia, "Shemeji, kaa basi." Akakaa.

Juni 20
Mkuu wa shule amenikuta nimesimama mezani. Nilikata mbele yake sketi ya mfano, tabaka mbili tu, sikuthubutu nne. Kifundo kiliniuma hadi meno, na kitasa cha mlango bado nakifungua kwa kushoto, lakini mstari ulitoka mnyoofu. Ametupa kazi yote. Alipotoka alimpa Bitana pole kwa sauti ileile aliyonipa mimi.

Hatuzungumzi siku hizi isipokuwa vipimo. Kiuno, urefu, pindo. Vipande vinatoka kwangu vinakwenda kwake, anavipokea kwa kushoto, anavishona polepole. Mishono yake bado haionekani.

Jioni hii, tukifunga, aliniuliza kile kishikizo atakivaa hadi lini.

Nikamwambia nitamwambia.